Rangi ya Kumwekea Mama Darini

4 Februari

Mdogo wangu,

Kwa heshima na taadhima, nikiwa nimesimama wima na kufunga vifungo vyote vya shati, natangaza kwa ukoo mzima, yaani wewe, kwamba bomba la bafuni limeacha kuvuja. Limeacha lenyewe. Mimi niliyelikaza, nikalifunga mpira, nikalitukana kwa lugha zote ninazozijua, sikuhusika kwa lolote. Juzi asubuhi niliamka nikasikia kimya, nikadhani nimekufa. Nikaenda kuchungulia, nikalikuta limetulia kama mtu aliyeokoka. Kama una bendera huko uliko, ipandishe.

Baada ya tangazo hilo, mengine ni ya kawaida. Shikamoo yako naiitikia kabla hujaituma: marahaba. Nesi wa ghorofa ya juu bado anashuka kukaa na Mama nikiwa kazini, na bado anakataa chai yangu. Anasema alipostaafu aliapa kutoona tena mateso. Kazini naendelea kuvuta karatasi zilizokwama kwenye mashine za kopi za maofisini. Kitambi changu kinaendelea vizuri. Mama anakula nikimlisha, maana vidole vyake sasa havishiki kijiko, kinateleza kama sabuni. Siku nyingi ananiita "kijana". Kwa umri huu na kichwa hiki kisicho na nywele, ningepaswa kushukuru.

Sasa lililonifanya niandike. Mama analala chali mchana kutwa anaangalia dari. Wiki iliyopita nikajilaza kando yake nione anachokiona. Hakuna kitu. Rangi nyeupe, doa la unyevu, waya wa taa. Nilikusudia kuangalia kidogo tu, lakini nilikaa pale mpaka Nesi akaja kutugongea mlango.

Basi nimepata wazo. Unachukua mwanga wa leza, unaugongesha kwenye vipande viwili vya kioo vilivyobandikwa kwenye mota mbili ndogo, vikiwa vimeinama kidogo. Mota zikizunguka, nukta moja ya mwanga inachora darini maua, duara, nyuzi zinazopishana. Mama alishona nguo za watu maisha yake yote. Nadhani atapenda kuona uzi unaojishona wenyewe.

Mota ninazo, kioo ninacho. Kinachonishinda ni diodi ya leza yenyewe, kile kipande kinachotoa mwanga. Wewe ndiye unayeshinda kwenye karakana ya vipimo vya wapima ardhi, leza unazijua kama ninavyojua karatasi. Kuna tatu ninazoweza kupata. Ofisi moja imetupa draivu ya kuchomea diski, na nasikia ndani yake kuna diodi nyekundu. Muuza vipuri wa hapa mtaani ana ya zambarau, imetolewa kwenye mashine ya kuchezea filamu. Na ana ya bluu, kubwa, ya wati moja, inayowasha kiberiti ukiwa upande wa pili wa chumba. Sitakuficha, moyo wangu uko kwenye bluu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unajua inavyokuwa: nikipiga, Mama ananyoosha mkono anataka kuzungumza, na mtandao wako unakatika. Unakatika palepale kila mara.

Kaka yako,
Fundi wa Karatasi Zilizokwama


23 Februari

Kaka,

Shikamoo. Hongera kwa bomba. Bendera sina, nimetundika taulo.

Mimi mzima. Chumba changu kimepakwa rangi mpya na mwenye nyumba, rangi ya dawa ya meno. Mvua inanyesha, viatu havikauki. Hayo ndiyo yangu.

Nilipofika kwenye "inayowasha kiberiti" niliweka barua chini nikaenda kunywa maji. Kaka, sikiliza. Leza ya wati moja haichori maua, inaharibu macho. Huna haja ya kuiangalia moja kwa moja. Ikigonga kitu kinachong'aa na kukurudia, inatosha. Na kioo chako kikibanduka kwenye mota, mwanga utakwenda unakotaka, na aliyelala chali hawezi hata kugeuza kichwa haraka. Mwambie muuza vipuri aiweke kabatini na wewe uondoke dukani kwa kinyumenyume.

Zambarau nayo, hapana. Mama ana mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho lake imekuwa ya manjano kama gazeti la zamani, na rangi hizo za upande wa bluu haziipiti vizuri. Hata wewe uliye mzima utaiona hafifu. Watu wengi wameponzwa na zambarau kwa sababu hiyo: wanaona mwanga mdogo wanadhani nguvu ni ndogo. Jicho si kipimo, Kaka. Jicho linapenda rangi fulani na linadharau nyingine.

Draivu ya kuchomea diski usiifungue. Diodi yake ina nguvu ya kuchoma, ndiyo kazi yake. Tena ndani hazikai moja, zinakaa mbili. Moja nyekundu, ya DVD. Nyingine ni ya CD, na mwanga wake haumo kabisa katika rangi ambazo jicho linaona. Inawaka na wewe unaona giza. Ukishindwa kujizuia ukaifungua, ile ya pili itupe siku hiyohiyo. Usiseme "nitaitunza", nakujua.

Unayoihitaji ni kijani, nanomita 520, miliwati zisizozidi tano. Jicho linaipenda kijani kuliko zote. Kidogo chake linakiona kingi. Hapa tunazo kwenye vipimo vilivyokufa. Nitakutumia moja ikiwa na saketi yake ya kudhibiti mkondo wa umeme, maana diodi haitaki kuungwa kwenye betri moja kwa moja kama balbu ya tochi. Usiishike miguu kwa vidole vikavu, umeme tuli wa mwili unaiua bila wewe kujua.

Na hili liandike ukutani: diodi isiyoonekana kuwaka usiseme imekufa. Iangalie kupitia kamera ya simu. Kamera inaona ambacho wewe huoni. Usiweke jicho. Kamwe.

Kuhusu kuja, najua utauliza. Msimu huu kazi ni nyingi, na bosi amesafiri. Msalimie Mama. Usimwambie salamu zimetoka kwa nani, mpe tu.

Mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama nimempa salamu bila jina. Aliziitikia vizuri sana, kwa adabu, kama anayejibu redio.

Habari za nyumbani: Nesi amenunua miwani mpya na sasa anaona vumbi letu. Ameniuliza mara ya mwisho nililala vizuri lini. Nikamwambia kulala nalala, shida yangu ni kuamka. Hakucheka. Nimegundua watu waliofanya kazi hospitali hawacheki mahali panapostahili.

Kifurushi chako hakijafika. Nimekwenda kwenye ofisi ya vifurushi nikamkuta kijana anakula karanga.

"Kinakuja," akasema.

"Kimefika wapi?"

"Kiko njiani."

"Njia ipi?"

"Mzee, kama ningejua njia si ningekifuata?"

Nikamwelewa kabisa. Nikaondoka.

Katika kusubiri nimefungua ile draivu. Kwa kuangalia tu, kama mtu anayefunua sufuria ya jirani. Ulisema kweli, ziko mbili, ndogo kama punje za mchele, zimekaa kwenye vichuma vyake kama mapacha. Nyekundu nimeijua kwa alama ya kwenye bati, na hiyo nyingine kadhalika. Nimeziweka kwenye lile boksi la zamani la dawa za Mama, lenye vyumba vya siku za wiki. Nyekundu iko Jumatatu, ya pili iko Jumanne. Ndiyo, sijaitupa. Nitaitupa. Ulishawahi kuniona nimetupa kitu siku hiyohiyo?

Bosi wako anasafiri sana. Mwaka jana alisafiri, mwaka juzi alisafiri mara mbili. Mshauri ahamie huko anakokwenda, apumzike.

Usije ukadhani nina huzuni. Sina. Ni kama mguu ulioulalia vibaya: unaugusa, unajua ni wako kwa sababu umeunganishwa na wewe, basi. Namwogesha Mama, nambadilisha, namlisha, naenda kwenye karatasi zangu, narudi. Mikono inafanya. Leza hii ndiyo kitu pekee ninachofanya ambacho hakuna aliyenilazimisha, ndiyo maana nakusumbua nayo.

Kaka yako


30 Machi

Mdogo wangu,

Barua fupi, maana kazi ni nyingi. Kifurushi kimefika. Kijani imewaka mara ya kwanza tu, nimefunga mota sakafuni, mbele ya kitanda upande wa miguuni, vioo vinatazama juu, mwanga hauwezi kushuka usoni kwake hata nikipiga teke. Maua yamejaa dari nzima. Mama alifurahi sana. Alipiga makofi.

Nesi hajambo. Kazini wamenihamishia kwenye dawati, napokea simu za wateja, ninawauliza kama wamejaribu kuzima na kuwasha. Ni kupumzika kidogo, nimelipenda.

Ukiandika tena, tafadhali andika kwa herufi kubwa kidogo. Karatasi zako siku hizi zina mwandiko wa sisimizi.

Kaka yako


19 Aprili

KAKA,

Shikamoo. NIMEANDIKA KUBWA, KAMA ULIVYOTAKA. Nitaendelea hivi hivi mpaka mkono uchoke.

Huku wazima. Viatu vimekauka hatimaye, vimekuwa vigumu kama mbao.

Nimefurahi kwamba kijani imewaka. Sasa naomba tuzungumze. Barua yako ya mwisho nimeiweka mezani kando ya zile za mwanzo. Mistari yako inapanda kilima. Mahali pawili umeandika juu ya maneno uliyokwisha kuyaandika, na "mota" ina t mbili moja juu ya nyingine. Wewe uliyekuwa unachapwa na Mama kwa kunyoosha mistari kwa rula hata kwenye barua za mapenzi!

Halafu wamekuhamishia kwenye dawati. Wewe? Fundi ambaye hata bosi wake humpigia simu siku ya mapumziko? Na unasema umelipenda?

Na mwandiko wangu haujabadilika tangu darasa la saba.

Hukuandika habari za ile draivu. Barua ya kabla ulikuwa na diodi mbili kwenye boksi la dawa, moja Jumatatu na moja Jumanne. Barua hii hazipo, kama vile hazikuwahi kuwepo. Uliitupa ya pili? Nijibu hilo tu. Mengine yote yasubiri.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Ungekuwa polisi, wezi wangehama.

Kwanza za nyumbani. Mama alipata kikohozi kikapita. Nesi ameanza kunywa chai yangu, jambo lililonitisha kuliko kikohozi. Jirani wa mbele amenunua king'ora cha gari, gari bado hajanunua.

Haya. Jicho la kulia lina doa dogo. Haliumi hata kidogo, ndiyo maana sikutaka kukusumbua. Ilikuwa ajali ya kawaida. Unamjua Mama na vifungo: maisha yake yote hakuwahi kuona boksi lenye vyumba akaacha kulipanga upya, vinavyofanana pamoja. Nililiacha karibu na kitanda, akalichezea, diodi zikabadilishana vyumba. Nikatoa ya Jumatatu nikijua ni nyekundu, nikaunga, haikuwaka, nikadhani nimeiua kwa umeme wa vidole kama ulivyonionya. Nikaisogeza karibu nione kama kuna hata cheche. Kumbe ilikuwa ile nyingine.

Simlaumu, maskini. Hajui. Na wewe usimlaumu. Wala usinihurumie, jicho la pili liko kazini na halidai posho. Kubwa ni kwamba dari ina maua.

Bosi wako amesharudi?

Kaka yako


28 Mei

Kaka,

Shikamoo. Leo sina habari za viatu wala za rangi ya ukuta.

Mwezi wa pili uliniandikia kwamba vidole vya Mama havishiki kijiko. Kijiko, Kaka. Halafu mwezi wa tano vidole hivyohivyo vinafungua kifuniko cha boksi la dawa ambacho hata mimi nilikuwa nakifungua kwa kucha, vinanyanyua kitu kidogo kama punje ya mchele, na kukihamishia chumba cha pili. Nimeisoma barua hiyo nikasimama, nikatembea, nikarudi nikaisoma tena. Umemsingizia Mama. Najua hukuwa na nia mbaya, ulijua tu kwamba yeye hatabisha.

Kwa hiyo acha nianze mimi, labda utafuata.

Bosi wangu hajasafiri. Anaogopa ndege na mabasi yanamtapisha. Hajawahi kwenda popote.

Unakumbuka nilivyokuja mara ya mwisho nikaondoka kesho yake, nikasema nimeitwa kazini? Ulikuwa umekwenda dukani. Niliingia chumbani nikakaa kitandani kwake, nikamshika mkono. Akaniangalia kwa upole kabisa, akaniambia: "Dada, ungekaa kwenye kiti. Hapo anakaa binti yangu, atafika sasa hivi." Nikahamia kwenye kiti. Tukamsubiri, mimi na yeye. Kila mlango ukilia aliniambia, "Huyo." Uliporudi na mkate ulitukuta tunacheka, ukafurahi, ukasema leo Mama ana siku nzuri.

Tangu siku ile nimekata tiketi na kuirudisha. Simu nakata mwenyewe kwa kidole changu, si mtandao. Siwezi kumsikia akiniuliza mimi ni nani. Naona ni afadhali niwe yule anayesubiriwa.

Hiyo ndiyo sababu yangu, na ni ndogo, ukiilinganisha na wewe unayeulizwa kila siku. Najua.

Nimeomba likizo. Nimepewa. Lakini sitaki kuingia nyumba ambayo mmoja hawezi kunijua na mwingine hataki nimjue. Niandikie kilichotokea. Bila Mama ndani yake, na bila vichekesho kama utaweza. Nikiipata barua hiyo napanda basi.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amekula vizuri asubuhi hii. Nesi yuko naye. Mimi niko jikoni, naandika nimefumba jicho la kulia ili mistari ikae sawa.

Mama hakugusa boksi. Lilikuwa juu ya kabati la vyombo muda wote, sijui hata kama alijua lipo.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kifurushi chako kikiwa bado hakijafika. Nesi alikuwa amekwenda kwa mwanawe. Tangu asubuhi Mama alikuwa ananiuliza, "Wewe ni nani?" Namjibu. Anasema, "Aa." Baada ya kidogo anauliza tena. Sikukasirika. Zamani nilikuwa nakasirika, halafu nikawa nasikitika, halafu vyote viwili vikaisha. Mara ya mwisho nikamwambia, "Mimi fundi." Hilo likamridhisha. Akaniuliza, "Umekuja kutengeneza nini?" Nikamwambia sijui. Akasema nifanye haraka basi.

Nikaenda mezani. Nilianza na nyekundu. Nilikuwa nimetengeneza saketi ndogo ya mkondo, nimeweka lenzi kwenye kipande cha bomba la aluminiamu ili diodi isipate joto. Ikawaka. Nukta nyekundu ukutani, kali, imetulia. Nilikuwa nimeingoja kwa wiki nyingi. Niliiangalia nikasubiri nijisikie vizuri, kama mtu anavyosubiri chafya. Haikuja. Nikaizima.

Nikatoa ya pili. Sikuichanganya na yoyote. Niliitoa Jumanne nikijua ni ya Jumanne. Niliiunga kwa sababu ilikuwepo na mikono ilikuwa haijamaliza. Ukutani hakuna kitu. Nikaongeza mkondo, hakuna kitu. Maneno yako nilikuwa nayakumbuka yote, hata pale ulipoandika "Kamwe" peke yake. Simu ilikuwa hapa jikoni, inachaji. Unaijua nyumba hii, unajua kutoka mezani mpaka jikoni ni hatua chache tu. Sikunyanyuka.

Hapa nataka uniamini. Sikutaka kujidhuru. Nimejiuliza mara nyingi, nimetafuta kitu cha namna hiyo ndani yangu, sijakipata. Nilichofikiri ni kwamba kwenda kuchukua simu ni kazi, na kuinama si kazi. Ni hilo tu. Nilijua inaweza kuwa inawaka. Nilijua kabla ya kuinama. Nikainama, nikaweka jicho la kulia.

Hakikutokea chochote. Hakukuwa na mwanga, hakukuwa na maumivu. Nikachomoa waya, nikaja kumpashia Mama chai, nikamimina nje ya kikombe. Nikadhani ni uchovu. Nikampelekea. Nilipofumba jicho la kushoto kulipangusa mvuke wa chai, nikaona mto, nikaona nywele zake, nikaona masikio. Uso haukuwepo. Mahali pa uso palikuwa na ukungu wa rangi ya majivu. Nikafumbua, uso ukarudi. Nikafumba tena, ukaondoka. Nilifanya hivyo mara kadhaa. Ningetegemea mtu apige kelele, angalau. Mimi nilimlisha chai.

Sikwenda kwa daktari mpaka wiki iliyopita, Nesi aliponikamata nashuka ngazi kwa kupapasa ukuta. Alinipeleka amenishika mkono kama mtoto wa chekechea. Daktari wa macho amesema kidonda kiko katikati kabisa ya retina, ndani nyuma ya jicho, na sehemu ile haijui maumivu ndiyo maana sikusikia. Haitarudi. La kushoto zima. Ndiyo sababu kazini walinitoa kwenye mashine. Nilikuwa nabana vidole, nashindwa kujua kitu kiko mbali au karibu. Sikulipenda dawati. Wala sikulichukia.

Lingine. Mama hakupiga makofi. Vidole vile vingepigaje makofi? Niliwasha kijani yako, maua yakajaa dari, ni mazuri kweli, nilitaka uyaone. Aliyaangalia mara moja. Akasema, "Zima, nataka kulala." Nikazima. Sijawasha tena.

Barua yako ilifika jana mchana. Niliisomea kitandani kwa Mama, mahali ulipoambiwa uondoke. Nilipomaliza, sijui kwa nini, nikaanza kumweleza yeye. Yote, kama nilivyokuandikia hapa, mpaka nilivyojua kabla ya kuinama. Alikuwa akiniangalia muda wote, kwa makini, kama alivyokuwa akimsikiliza mteja anayeeleza vipimo vyake. Mashavu yangu yalikuwa yamelowa na sikuwa nimegundua yalianza saa ngapi.

Akaniuliza, "Huna ndugu, kijana?"

Nikamwambia ninaye mmoja.

"Wa kike?"

"Wa kike."

"Sasa unaniambia mimi ili nifanye nini? Mimi ni mgonjwa. Mwambie yeye."

Ndiyo nakwambia.

Kaka yako